Mlima Uliofifia Mbele ya Wageni

Nisogezee huo mto mgongoni, Kanyshai mkamwana wangu, kisha uache kuchochea jiko uketi. Joto la nyumba linatosha, na hili la mwilini linaondoka lenyewe, mavi ya ng'ombe hata ukiyajaza jikoni hayatalirudisha. Jumgalbek, mwanangu, kaa hapo karibu na mlango, nitakutuma baadaye. Zuurakan, binti yangu wa kwanza, umevuka kutoka bonde la pili na theluji imeshafika magotini mwa farasi, Mungu akulipe. Na wewe Begaiym, mjukuu wangu, usisimame kizingitini kama mpita njia aliyekuja kuomba maji. Njoo hapa ninapoweza kukufikia. Najua mkono wangu umekuwa wa kukwepwa tangu vuli, na sikulaumu.

Nina maneno ya kuwaachia. Mtu anayekwenda hakatizwi kauli, hilo mnalijua, basi mnivumilie hata nikirukaruka kama mwanakondoo aliyefunguliwa, kwa maana sikuingia darasani na sijui kupanga maneno kwa mistari; mimi huyatoa yanavyokuja, kama nilivyozoea kutoa sufi kwenye gunia.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni ya Jumgalbek, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na kitinda mimba ndiye anayerithi moto wa baba yake. Hilo halina mjadala, na Zuurakan hajawahi kulitia mjadala. Zuurakan atachukua hereni zangu za fedha na lile zulia la sufi lenye pembe za kondoo dume, tulilolishona pamoja mwaka alioolewa, yeye akinichoma sindano vidoleni makusudi kwa sababu hakumtaka yule mchumba mwenye masikio makubwa. Unacheka. Cheka, mwanangu. Masikio anayo, lakini pia amekusikiliza miaka yote hii, na si kila mume husikia. Yule farasi mwekundu asiuzwe; mwacheni azeeke, afe kwa siku yake, kwa sababu ndiye aliyembeba baba yenu kumshusha kutoka malisho ya juu alipougua, akatembea polepole mwenyewe bila kuambiwa.

Sasa lile sanduku la bati.

Mnajua kilichomo. Zimo lenzi za baba yenu, zile za Kirusi, nzito kama mawe ya kukandamizia jibini, kila moja ndani ya mfuko wa sufi nilioushona mimi. Baba yenu alikuwa mpiga picha wa shamba la pamoja, enzi zile, akipiga wachungaji bora na wakamuaji bora ili wabandikwe ubaoni penye ofisi, na hiyo ndiyo kazi waliyomlipa. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa milima. Ya wachungaji aliifanya akinung'unika, ya milima aliifanya akiimba. Mimi nilikuwa mbeba miguu mitatu ya kamera yake. Mwanamke asiyejua hata kusoma jina lake, nikipanda nyuma ya farasi wake kabla jua halijatoka, miguu ya kamera imefungwa begani kama bunduki, na wanawake wa kijiji wakisema, "Haya, Sonunbubu anakwenda vitani." Vidole vyangu vilizijua zile lenzi kuliko vinavyojua kukanda unga. Yeye ndiye aliyenifundisha. Aliniambia, "Mama Zuurakan, usihangaike na namba, giza lenyewe hili hata mimi sizioni. Uso wa mtu uko katikati ya mzunguko, kundi la kondoo liko mbele yake kidogo, na mlima uko mwisho. Ukitaka mlima, zungusha pete ya lenzi mpaka igome."

Mpaka igome. Nikaishika kauli hiyo kama sala. Na kwenye kamera yake, wanangu, ilikuwa kweli. Pete ikigoma, mlima wetu wa Ak-Moyun wote unasimama mbele yako, theluji yake na mbavu zake.

Baba yenu alipofariki, Jumgalbek, mwanao huyu Begaiym ndiye peke yake aliyelifungua lile sanduku bila kupiga chafya. Ile kamera yake ndogo, ile isiyokuwa na kioo cha kurukaruka ndani, nyepesi kama pakiti ya chai, aliipata kwa jasho lake, kwa kupika na kufua kiangazi kizima kwenye mahema ya wageni kule ziwani. Na kile kiungo cha chuma cha kuvisha lenzi ya babu kwenye kamera ya ugenini alikipata sokoni Naryn, kwenye meza ya muuza chaja za simu, kwa sababu hapakuwa na kingine. Alipoileta ile lenzi ndefu imekaa juu ya kile kikamera, nikasema, "Hii ni ng'ombe amepanda mbuzi." Akacheka mpaka akaketi chini. Mnakumbuka alivyokuwa akicheka? Mimi nakumbuka, kwa sababu sijasikia tena.

Ngoja nipumue.

Nataka kusema habari ya asubuhi ya picha, na msinikatize. Ninyi wawili mmekwishaisikia, lakini mliisikia mkanifunika mdomo, na nami nikakubali kufunikwa. Leo naisema mbele yake mwenyewe.

Ilikuwa kabla ya hitima ya mwaka ya baba yenu. Tulikubaliana kwamba Begaiym apige Ak-Moyun kwa lenzi ya marehemu, kutoka palepale alipokuwa akisimama marehemu, picha ichapwe Bishkek kwenye kitambaa kipana kama ubavu wa hema, itundikwe wageni wakila. Nikasema nami nitapanda. Miguu imeoza, kifua kinapiga filimbi, lakini nikapandishwa kwenye farasi mwekundu kama mzigo wa chumvi, tukapanda.

Upepo ulikuwa unaitikisa ile miguu mitatu. Begaiym akafungua pete ya mwanga yote, ili picha inaswe upesi kabla kamera haijatikisika, na hapo ndipo, alinieleza, hakuna nafasi ya kukosea umbali hata chembe. Akazungusha pete ya umbali mpaka ikagoma, akakuza picha kwenye ile skrini, akakunja uso, akairudisha nyuma kidogo, pungufu ya upana wa punje ya mchele.

Nikamwuliza, "Mbona unarudi?"

Akasema, "Bibi, ikigota mwisho mlima unafifia. Hiki kiungo cha sokoni ni chembamba kuliko inavyotakiwa, kimepungua kama kipande cha ukucha, basi lenzi imekaa ndani zaidi, na mwisho wake umeuvuka mlima."

"Umeuvuka ukaenda wapi? Nyuma ya mlima huo ni China."

"Haujaenda popote, Bibi. Umekosa tu."

Akaniambia nitazame. Nikainama kwenye ile skrini, na macho yangu haya, ninyi mnayajua, nikaona weupe na weusi. Nikaona ukungu pande zote, alipogota na aliporudi. Badala ya kusema, "Sioni, mjukuu wangu, wewe ndiye unayeona," unajua nilisema nini, Zuurakan? Nilisema, "Babu yako ameupiga mlima huu tangu baba yako hajazaliwa, na pete iligoma. Sasa hitima yake inakuja, wewe unataka kumfundisha? Watu watasemaje, kwamba tumemzika mzee na desturi yake pia?" Na nikalia. Nililia kwa kweli, sikuigiza, lakini najua pia, mzee akilia hakuna mtoto wa kwetu anayebaki na hoja.

Akanitazama. Akaitazama skrini. Kisha akazungusha ile pete mpaka ikagoma, akabonyeza, akaniambia taratibu, kama unavyomwambia mtoto aliyekataa kulala, "Haya, Bibi. Imegota mwisho."

Wazee wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyesema habari ya yule anayesikia. Huyu alisikia, na guu lililovunjika ni lake.

Mlikuwapo siku ya hitima. Kondoo walikuwa wameiva, maziwa ya farasi yalikuwa yamekolea, wageni wametoka mabonde yote. Kitambaa kikafunguliwa. Kwenye skrini ndogo mtu angeweza kudanganyika, lakini upana ule haumwachii mtu siri. Mlima mzima ulikuwa umelainika, hauna ukingo wala ufa, kama umepigwa kupitia mvuke wa chungu. Watu wakabaki na nyama mkononi. Halafu Sabyrkul, ambaye hajasahau kwamba marehemu alimbandika ubaoni amefumba macho, akasema kwa sauti yake ile ya kuita mbwa, "Haya ni ya ukoo. Babu alinipiga mimi nimefumba macho, mjukuu kaupiga mlima umefumba macho." Wakacheka. Hata mimi kona ya mdomo iliniponyoka, maana kilikuwa kichekesho kizuri, Mungu anisamehe.

Kisha wakaanza kumgeukia. Msichana wa siku hizi, mashine mikononi na heshima hakuna. Lenzi nzuri ya marehemu imeangukia kwa asiyeijua. Afadhali angetafuta mume. Mama mkuu wa shule, aliyekuwa amemwomba apige picha za bonde kwa ukuta wa darasa, akajifanya anatafuta kijiko. Na Begaiym amesimama na birika la chai, akimimina. Hakusema, "Bibi ndiye aliyeniamuru." Neno moja tu lingemtoa lawamani. Alinijia hata mimi, akaniuliza kama chai yangu niongezewe maziwa.

Nilisema ndiyo. Hilo tu ndilo nililolisema siku ile mbele ya watu.

Jioni, wageni walipokwisha kwenda, nikawaita ninyi wawili nikawaeleza. Jumgalbek, ulisema, "Mama, yameshapita, usijitafutie aibu uzeeni." Na wewe Zuurakan, kwa nia njema, najua ni kwa nia njema, ulisema, "Mama, aibu ya msichana hukauka kama nguo kambani. Ya mzee huingia naye kaburini." Nikaliona neno hilo ni tamu. Nikajifunika nalo kama blanketi, nikalala usingizi mzuri. Ndiyo maana sasa naona haya kuwatazama. Kukosea pete ni macho na ujinga, na ujinga nimezaliwa nao. Lakini kule kulala vizuri, wanangu, kwa hilo sina pa kuuficha uso.

Maji. Kidogo tu, Kanyshai. Basi.

Asubuhi yake huyu mtoto akapanda peke yake. Hakumwambia mtu. Akaja mchana na mashavu yameungua kwa baridi, akaniketisha kitandani, akaniwekea skrini karibu kabisa na pua, akaikuza mpaka hata mimi nikaona. Nikaona nyufa za barafu. Nikaona njia ya mbuzi-mwitu imepita ubavuni kama mshono. Lenzi ni ileile, mahali ni palepale. Nikamwambia, "Hii tuichape, tuitundike." Akasema, "Hitima imekwisha, Bibi. Hii ni yako, ya kutazama." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Tangu hapo watoto wa njiani wanamwita Begaiym wa Ukungu. Aliyekuwa amwite harusini kupiga picha amemwita mwingine kutoka mjini. Lenzi zimerudi kwenye sanduku. Na sasa nasikia amekata shauri, theluji ikiyeyuka anakwenda Moscow kufagia maghala na mabinti wa jirani yetu Toktobolot, na wewe Jumgalbek umepata watu wa mtandaoni wanaotaka lenzi za zamani. Sikulaumu, mwanangu. Nani anunue makaa ya kupashia nyumba joto kwa kumbukumbu? Lakini sikiliza.

Lenzi ni za Begaiym. Zote, na mifuko yake. Najua vitu vya baba huenda kwa kitinda mimba, na anayetaka kuitetea desturi atete na mimi, nitakuwa mahali ambapo siwezi kujibu. Usiuze hata moja. Akitaka kwenda Moscow aende nazo, akitaka kubaki abaki nazo, akitaka kuzitupa mtoni ni mkono wake. Simfungi kwa wosia. Nimekwishamfunga kwa machozi mara moja, yatosha. Zuurakan, wewe unakwenda mjini mara kwa mara, mtafutie kiungo kizuri, kilichopimwa, asiendelee kuhangaika na kile cha muuza chaja. Na Begaiym, hata ukipata hicho kizuri, usiamini mwisho wa pete kwa sababu mzee fulani alikuambia. Babu yako hakudanganya, alikuwa akisema habari za kamera yake. Mimi ndiye niliyelichukua neno lake nikalivisha mahali pasipolitosha, nikalisukuma kwa nguvu.

Na ninyi wazazi, mniangalie. Nimeitawala nyumba hii kwa "watu watasemaje" tangu nilipoingia humu bibi harusi. Niliwafungia milango kwa neno hilo, niliwanyamazisha kwalo. Tazameni lilikonifikisha. Watu wamesema, na wamemsema asiyestahili, na sisi tuliojua tukamimina chai.

Nimechoka. Nilikuwa nimefika wapi? Ndiyo. Deni.

Jumgalbek, siku mtakayonitoa nje nimefungwa sandani, utasimama mbele ya wanaume kama ulivyosimama kwa baba yako, utauliza kwa sauti nani anamdai mama yako, aseme, wewe utalipa. Wote watajibu hakuna deni, maana ndivyo wanavyojibu. Sasa kabla hawajajibu, useme: mama yangu anadaiwa. Useme mdai ni nani na deni ni nini. Wazee walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yangu mimi sitaki abaki nayo mwosha.

Unatikisa kichwa. "Mbele ya Sabyrkul, Mama?" Mbele ya Sabyrkul hasa. Mweke mstari wa mbele, masikio yake yamekuwa mazito.

Lakini nimefikiri tena hapa kitandani. Siku hiyo sitakuwapo kusikia, nawe mwanangu una moyo laini, utasimama pale, mtu akusukume kiwiko, umalize bila kusema. Nakujua, nimekuzaa. Mficha uchi hazai, na mimi sitaki kufa na mimba ya uongo huu. Wanaume wamekaa uani tangu asubuhi wakingoja habari zangu, nasikia kikohozi cha Sabyrkul kutoka hapa. Kwa hiyo utasema leo. Sauti yangu haifiki mlangoni, utaniazima yako. Ile unayouzia kondoo.

Subiri. Kwanza kunjueni viganja, maana sijui kama pumzi itabaki baadaye. Hivyo. Begaiym, na wewe. Sikuombi unisamehe upesi. Ukisamehe, iwe kwa wakati wako, hata kama nimeshaoza. Mungu awape... awape macho ya kuona na ulimi wa kusema mnachokiona. Kondoo wenu wazae mapacha. Moto wa nyumba hii usizimwe na ugomvi. Kitoto kikiwaambia nyinyi mmekosea, mtazameni usoni kabla ya kujibu. Njia ya huyu iwe nyeupe, popote aendapo. Oomiyin.

Pitisheni viganja usoni.

Kanyshai, fungua mlango. Wazi kabisa. Acha baridi iingie, itanifanya nini sasa.

Simama, mwanangu. Sema.

...Hapana. Hiyo ni sauti ya msikitini. Hata Zuurakan hakusikia. Tena.

...Mmh. Umesema picha iliharibika kwa bahati mbaya. Hakuna bahati hapo. Sema mama yako aliamuru, mtoto akatii. Vuta pumzi. Usinitazame mimi, tazama uani.

...Ndiyo. Ndiyo, hiyo imefika. Wamenyamaza. Sikia walivyonyamaza.

Begaiym, mkono wako baridi... uache hapo hapo.

Jumgalbek. Mwanangu. Umesema "mtoto." Umesema "mtoto wetu mmoja." Ana jina.

Rudia... na jina lake ulitaje.